Geuza Picha, Usome Mgongoni

Leo nataka tuwazungumzie watu wanaokusanya picha za zamani, tena picha za chombo cha aina moja tu: glaida za mwanzo zilizofungwa injini.

Najua kuna anayeuliza, glaida ndiyo nini? Glaida ni ndege isiyo na injini. Ina mabawa marefu membamba na mwili mwepesi. Huvutwa kwa kamba mpaka iachane na ardhi, kisha rubani hutafuta upepo unaopanda: ule unaogonga kilima ukaelekea juu, au hewa ya moto inayoinuka ardhini jua likiwaka. Mwewe na tai wanaijua hewa hiyo, ndiyo maana huzunguka angani bila kupiga mbawa. Hewa ikiisha, na safari imeisha.

Sasa watu wakaanza kujiuliza zamani: tukiifunga glaida injini ndogo, hata ya pikipiki, si itajiendea yenyewe? Kulijibu swali hilo kulichukua miongo kadhaa. Kuliua watu, kukachekesha watu, na kukaacha picha. Mashine zenyewe nyingi hazipo. Zilikuwa za mbao, kitambaa na gundi. Zilianguka, zikaoza, zikaungua. Kilichobaki ni karatasi, na karatasi hiyo ndiyo inayotafutwa leo katika minada, katika maduka ya vitu vya kale, na katika masanduku ya marehemu ambayo warithi hawajui wayafanyie nini.

Ninalotaka kusema leo ni hili: picha huhifadhi umbo, lakini ukweli wa picha huhifadhiwa na maandishi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona mahali ambapo methali hiyo inauma kama kwenye picha za zamani. Nifuateni polepole, mtaona kwa nini.

Tuanzie Ujerumani, kabla ya injini. Mhandisi mmoja, Otto Lilienthal, alianza mwaka 1891 kuruka kutoka vilimani kwa mabawa aliyoyatengeneza kwa fito na kitambaa. Watu kabla yake walidai wameruka, wakachorwa hata michoro. Lilienthal alipata bahati ambayo wao hawakuipata: alikuwa na mpigapicha. Ottomar Anschütz alikuwa ametengeneza shata ya kamera iliyoweza kufunguka na kufunga ndani ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa shata hiyo, kitu kinachokwenda mbio kilitulia kwenye bamba la kioo bila kuwa ukungu. Leo zinajulikana picha zipatazo 145 za Lilienthal na mashine zake. Zilichapishwa magazetini hadi Marekani, na aliyeziona hakuweza tena kusema kwamba binadamu hawezi kuelea hewani.

Lilienthal hakutaka kuishia kwenye kuelea. Alikuwa tayari ameunda injini ndogo ya gesi ya kaboni dioksidi ili ipige ncha za mabawa. Kwa hiyo wazo la glaida yenye injini lilikuwa limeshazaliwa. Lakini tarehe 9 Agosti 1896 glaida yake ilipoteza upepo, ikaanguka, na siku iliyofuata akafariki.

Mwingereza Percy Pilcher akaichukua kazi hiyo. Alijenga mashine ya mabawa ya ngazi tatu, akaitengenezea injini ya nguvu za farasi 4 hivi. Ilipangwa aioneshe mbele ya wageni tarehe 30 Septemba 1899 huko Stanford Hall. Injini ikaharibika kabla ya siku. Kwa kuwa wageni walikuwa wamefika, akaamua kuwaonesha glaida yake ya kawaida. Mkia ukavunjika hewani. Alikufa siku mbili baadaye, na ile mashine ya injini haikuruka hata mara moja.

Kwa mkusanyaji, habari hiyo ni chombo cha kazi. Mtu akikuletea picha akasema, hii ni mashine ya injini ya Pilcher ikiwa angani, unajua papo hapo kwamba si kweli. Huhitaji maabara. Anayeijua tarehe haibiwi kirahisi.

Kuna kisa kingine kinachowasumbua wapenzi wa picha hizi. Mmarekani Augustus Herring alidai kwamba mwezi Oktoba 1898, ufukweni St. Joseph katika jimbo la Michigan, aliruka kwa glaida ya mabawa mawili iliyosukumwa na injini ya hewa iliyoshindiliwa. Mruko wenyewe ulikuwa mfupi sana. Picha yake akiwa amesimama na mashine ipo. Picha ya mashine ikiwa hewani haipo. Basi hadi leo, zaidi ya miaka 120, watu wanabishana. Mashine ikiwa chini inathibitisha kwamba ilitengenezwa, basi. Haithibitishi kwamba iliruka.

Sasa linganisheni na tarehe 17 Desemba 1903. Ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, wako kwenye mchanga wa pwani ya North Carolina. Mashine yao ya injini imetokana moja kwa moja na glaida yao ya mwaka 1902. Kabla ya kulala kifudifudi kwenye bawa, Orville anasimamisha kamera juu ya miguu mitatu, anailenga mahali anapotarajia mashine iachane na reli, kisha anamkabidhi mtu mmoja mpira wa kubonyeza shata. Mtu huyo ni John T. Daniels, mfanyakazi wa kituo cha kuokoa mabaharia pale Kill Devil Hills. Hakuwa mpigapicha. Mashine ikapaa, akabonyeza. Mruko ule ulidumu sekunde 12 na kufika mita 37 hivi.

Iangalieni picha hiyo mkiipata. Mashine iko juu ya mchanga kidogo tu. Wilbur yuko kulia, amesita katikati ya mwendo. Chini unaiona reli ya kuondokea, unakiona kibenchi kilichokuwa kimeegemezwa bawa, unaziona nyayo kwenye mchanga. Kila kitu kinajieleza. Lakini kwa nini tunajua kwamba aliyebonyeza ni Daniels? Picha haimwoneshi, yeye yuko nyuma ya kamera. Tunajua kwa sababu Orville aliandika. Aliandika jina, tarehe, upepo, muda. Bila daftari lile, picha mashuhuri kuliko zote katika habari za urukaji ingekuwa na mpigapicha asiyejulikana.

Na picha yenyewe nusura ipotee. Mabamba ya vioo ya akina Wright yalikuwa yamewekwa nyumbani kwao Dayton, Ohio, mji ulipofurika mwezi Machi 1913. Maji na matope yakayafikia. Mengine yalibanduka kingo, mengine yakapata madoa. Leo mabamba yapatayo 300 yamehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuyatazama bila kulipa hata senti. Madoa yale ya mafuriko bado yanaonekana.

Baada ya hapo ndege za injini kubwa zikashika njia yao, Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja, na glaida zikasahauliwa kidogo. Kilichozirudisha ni mkataba. Ujerumani iliposhindwa vitani, Mkataba wa Versailles ukaibana isiwe na jeshi la anga na ukabana utengenezaji wa ndege. Vijana waliotaka kuruka wakapanda kilima. Tangu mwaka 1920, kwa wito wa mhariri Oskar Ursinus, walikutana kila kiangazi juu ya Wasserkuppe, kilima chenye mita 950 katika milima ya Rhön, kushindana kwa glaida. Pale ndipo upigaji picha wa glaida ulipogeuka biashara. Wageni walitaka kumbukumbu, na postikadi zikauzwa. Leo kadi hizo ndizo zinazomwingiza mtu mpya kwenye ukusanyaji, kwa sababu zilichapwa kwa wingi na bei yake haimtishi mtu.

Homa ikavuka kwenda Uingereza. Mwaka 1922, kwenye kilima cha Itford, Mfaransa Alexis Maneyrol alikaa hewani saa 3 na dakika 21 bila injini, akachukua zawadi ya pauni 1,000 ya gazeti la Daily Mail. Mwaka uliofuata waandaaji wakasema, sasa tuone injini. Mwezi Oktoba 1923, uwanja wa Lympne katika jimbo la Kent, yakafanyika mashindano ya glaida zenye injini. Sharti: injini isizidi sentimita za ujazo 750. Sharti jingine: chombo kiweze kusukumwa barabarani na watu wasiozidi wawili na kipite kwenye lango la shamba, maana wazo lilikuwa kwamba mtu wa kawaida aiweke ndege yake nyumbani.

Kwangu mimi, hayo ndiyo mashindano yaliyoacha picha tamu kuliko zote. Kuna wanaume waliovaa kofia na tai, wakiisukuma ndege yenye mabawa yaliyokunjwa kwenye barabara ya kijijini. Kuna mafundi wamepiga magoti mbele ya injini ambayo ungeweza kuikumbatia. Na ndani ya picha hizo kuna Wren, ndege ya kampuni ya English Electric, iliyokuwa na uzito wa kilo 105 hivi ikiwa tupu na injini ya sentimita za ujazo 398. Ikafungana na ndege nyingine, ANEC, kwa kutumia mafuta kidogo kuliko wote: maili 87.5 kwa galoni moja. Kwa hesabu zetu ni karibu kilomita 31 kwa lita. Bodaboda ya leo inaishinda, lakini bodaboda haiachani na ardhi.

Mashindano hayo yaliisha kwa msiba. Tarehe 13 Oktoba, Maneyrol yule yule wa Itford alikuwa akitafuta rekodi ya kupanda juu. Ndege yake ikavunjika bawa, akafa. Ndiyo maana mkusanyaji anayepata picha ya Maneyrol akitabasamu Lympne huitazama mara mbili. Ameshika siku za mwisho za mtu mkononi. Na hilo hulijui kwa kumtazama usoni. Unalijua kwa tarehe iliyoandikwa nyuma.

Miaka mitano baadaye, tarehe 11 Juni 1928, Wasserkuppe ilishuhudia wazimu wa aina yake. Fritz Stamer aliketi kwenye glaida iliyobuniwa na Alexander Lippisch, iitwayo Ente, mkia wake umefungwa roketi mbili za baruti. Fritz von Opel, tajiri wa magari, ndiye aliyeigharimia. Wakaivuta kwa kamba ya mpira, roketi zikawashwa, ikaenda kilomita 1.5 hivi. Wakajaribu tena. Safari hii roketi moja ikalipuka, mabawa yakatoboka, moto ukashika. Stamer aliishusha akiwa mzima, chombo kikaungua.

Soko la picha limejaa vitu vinavyoitwa glaida ya roketi ya Opel, na wauzaji wengi huchanganya mbili. Ile ya 1928 ina bawa dogo mbele na bawa kubwa nyuma. Ile nyingine, RAK.1, iliyojengwa na Julius Hatry na kurushwa na Opel mwenyewe mjini Frankfurt tarehe 30 Septemba 1929, ina bawa lake kubwa juu, mkia wake umeshikwa na mihimili miwili mirefu, na roketi 16 nyuma ya kiti. Ukizijua alama hizo, unaweza kulipa bei ya haki hata kama muuzaji mwenyewe hajui anachouza.

Kisha miaka ya 1930. Huko Maidstone, Uingereza, C. H. Lowe-Wylde alichukua glaida yake, akaisimamishia juu ya bawa injini ya pikipiki ya Douglas ya sentimita za ujazo 600. Ukiiona picha yake unacheka kwanza: rubani ameketi puani wazi wazi, na injini imekaa juu nyuma yake kama abiria. Lakini iliruka. Lowe-Wylde mwenyewe alikufa akiwa ndani ya mojawapo mwezi Mei 1933. Kazi yake ikarithiwa na Robert Kronfeld, Myahudi kutoka Austria, bingwa wa glaida aliyekuwa ameshavuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa kwenda na kurudi bila injini mwaka 1931. Wanazi walipotwaa Ujerumani, Kronfeld alihamia Uingereza, akaiendeleza mashine ile kwa jina la Drone.

Na mwaka 1935 ikaja iliyofungua njia ya glaida za leo. Sir John Carden na L. E. Baynes walichukua glaida ya Scud III, wakaifunga injini ya Villiers ya sentimita za ujazo 249 inayochomoza juu wakati wa kupanda na kukunjwa ndani ya mwili wakati wa kuelea. Wakusanyaji huitafuta picha ya mashine hii kwa jozi: moja injini ikiwa nje, nyingine injini ikiwa imefichwa. Ya pili peke yake haina maana. Itaonekana kama glaida yoyote. Carden hakupata muda wa kuifaidi, kwani mwezi Desemba mwaka huo huo alikufa katika ajali ya ndege ya abiria.

Basi, wasikilizaji, tuingie kwenye kazi yenyewe. Mtu anajuaje kwamba picha aliyoishika ni ya zamani kweli?

La kwanza, chukua kioo cha kukuzia. Ukiona vidoto vidogo vilivyojipanga, hiyo imekatwa kwenye gazeti au kitabu, au imechapwa mtamboni. Picha halisi iliyosafishwa kwa dawa haina vidoto, vivuli vyake vinayeyuka taratibu. La pili, iinamishe kwenye mwanga. Picha za zamani za madini ya fedha, zikishazeeka, sehemu zake nyeusi hutoa mng'ao kama wa fedha, hasa pembeni. La tatu, taa ya urujuanimno, ile inayokagulia noti bandia. Kuanzia miaka ya 1950 viwanda vilianza kutia kwenye karatasi kemikali ya kuifanya iwe nyeupe zaidi, na kemikali hiyo huwaka rangi ya bluu chini ya taa. Picha inayodaiwa kuwa ya 1923 ikiwaka bluu, ni nakala ya baadaye. Inaweza kuwa nakala nzuri, lakini lipa bei ya nakala.

La nne ndilo kubwa: igeuze. Mgongo wa picha husema mengi kuliko uso. Mhuri wa studio. Mhuri wa shirika la habari. Namba ya kalamu ya risasi. Kama ni postikadi, tazama kama mgongo umegawanywa kwa mstari katikati, upande wa barua na upande wa anwani. Uingereza iliruhusu mgawanyo huo mwaka 1902, Marekani mwaka 1907. Kadi ya Marekani yenye mstari haiwezi kuwa ya 1903, hata muuzaji aape. Na kama ilipita posta, mhuri wa tarehe unakuambia mwisho wake: picha haiwezi kuwa imepigwa baada ya siku hiyo.

Lakini hata mgongo una mitego. Ile Wren nambari 4 ya Lympne haikufa. Ilikarabatiwa miaka ya 1950, ikaruka tena, na leo imehifadhiwa katika mkusanyiko wa Shuttleworth, Old Warden. Kwa hiyo kuna picha za 1923 na picha za zaidi ya miaka 30 baadaye, za chombo kile kile, nambari ile ile ubavuni. Mtu akiandika nyuma Wren, Lympne, 1923 kwa kumbukumbu tu, kosa linaingia kwenye albamu, linanunuliwa, linachapwa kitabuni, na huko linapata heshima ya ukweli. Dawa ni kuacha kuitazama ndege. Tazama gari lililoegeshwa nyuma. Tazama kola za mashati. Tazama kama mabibi wamevaa kofia. Ndege inaweza kukarabatiwa irudi ujana, lakini watu waliosimama pembeni hawakarabatiwi.

Na hao watu wa pembeni ndio wananifikisha ninapotaka kufika.

Katika albamu za Wasserkuppe kuna picha za vijana wanane au kumi, wameshika kamba ya mpira, miguu imejikita kwenye majani, wanavuta mpaka mishipa ya shingo inatoka. Bila wao glaida haiondoki. Chini ya picha imeandikwa: Stamer akipaa. Wavutaji hawana majina. Katika picha za Lympne, fundi aliyekesha akirekebisha kabureta ameandikwa fundi, kama ameandikwa.

Jambo hilo lina ncha ya kwetu. Hanns Klemm, mhandisi wa Stuttgart, alikuwa miongoni mwa waliotoa ndege nyepesi ndani ya fikra hiyo ya glaida na injini ndogo. Ndege yake aina ya L 20 ilikuwa na mabawa marefu kama ya glaida na injini ya nguvu za farasi 20, na baron mmoja kijana, von Koenig-Warthausen, aliizunguka dunia kwa ndege hiyo mwaka 1928 na 1929. Ndege nyingine za Klemm zilifika Tanganyika muda mfupi baadaye, rubani Ernst Udet alipokuja Afrika Mashariki kwa ajili ya filamu iliyotoka mwaka 1932. Picha za marubani wa aina hiyo, kutoka enzi hizo za ukoloni, zina mtindo unaojirudia. Rubani ana jina. Ndege ina jina, tena na namba ya usajili. Mtu mweusi anayemimina petroli, au aliyesafisha uwanja kwa panga ili ndege ishuke, ameandikwa wenyeji.

Alikuwa baba wa mtu. Ana wajukuu leo, pengine mmoja wao anatusikiliza sasa hivi akipika chakula cha jioni. Picha ya babu yake iko kwenye droo mjini Berlin au Zürich, imetunzwa vizuri kabisa, ina namba ya hifadhi, na hakuna anayejua kwamba ni ya babu yake. Kamera ilifanya kazi yake. Kalamu haikufanya.

Ndiyo maana nawaheshimu wakusanyaji wa aina fulani tu. Kuna anayenunua picha kwa sababu ni adimu, akaifungia kabatini, akafurahi kwamba mwingine hana. Huyo ni mwenye mali. Na kuna anayenunua kadi ya bei ndogo, akakaa nayo majuma, akalinganisha na gazeti la zamani, akamwandikia mtu wa makumbusho, mpaka siku moja akaandika nyuma kwa kalamu ya risasi jina la kijana wa tatu kutoka kushoto kwenye kamba. Huyo wa pili amefanya jambo ambalo mpigapicha mwenyewe hakulifanya.

Tena jambo hili halidai utajiri. Makumbusho na maktaba nyingi zimeweka picha zao kwenye intaneti, na nyingi humruhusu mtu kuwaandikia akiwa na habari zaidi. Kijana wa Mwanza au wa Kisumu mwenye simu anaweza kutambua kilima, mto, au kanisa ambalo mtunza hifadhi wa Ulaya hawezi kulitambua. Kumbukeni tu kwamba kuwa na karatasi si kuwa na haki ya kuichapisha. Haki za mpigapicha huendelea miaka mingi baada ya kifo chake, na katika nchi za Umoja wa Ulaya ni miaka 70. Ulizeni kabla ya kuchapa.

Kabla sijawaacha, niwaombe jambo moja, na halihusu ndege. Nyumbani kwenu kuna bahasha ya picha. Huenda iko kabatini, huenda chini ya godoro la bibi. Itoeni wakati bibi yupo. Muulizeni: huyu nani, hapa wapi, nani alipiga, ilikuwa kabla ya harusi ya nani? Andikeni nyuma, kwa kalamu ya risasi laini, taratibu, bila kukandamiza. Msitumie kalamu ya wino, hupenya ikatokea usoni mwa mtu. Msizibandike kwenye zile albamu za gundi zenye karatasi ya nailoni juu, baada ya miaka picha haibanduki bila kuchanika. Msiziweke kwenye plastiki laini yenye harufu kali. Na ninyi mnaokaa pwani, Mombasa, Unguja, Tanga, Dar es Salaam, mnaijua ile kuvu ya masika. Ziwekeni kwenye bahasha za karatasi, mahali pakavu, mbali na ukuta unaotoa maji.

Na kwa kila picha, mkikosa kujua jina, andikeni hivyo: hajulikani. Neno hilo ni la kweli, na linamwachia nafasi atakayekuja kujua. Kubahatisha jina ni kumfungia mlango.

Haya, muda wetu umekwisha. Kama kuna msikilizaji ambaye babu au bibi yake aliwahi kufanya kazi kwenye uwanja wa ndege wa zamani, popote Afrika Mashariki, na ipo picha, tuandikieni. Tuelezeni jina lake kamili na kazi aliyokuwa akiifanya, nasi tutalisoma jina hilo hewani katika mazungumzo yajayo. Kwaherini.